Unyayo Chini ya Sinki

Mlioniacha getini wiki iliyopita, bado nipo getini. Mkoba uko begani, mlinzi ananitolea macho, na mume wangu amegeuka anataka kurudi nyumbani.

Kwa aliyeingia leo, ngoja nimweke sawa. Mimi ni mpiga pasi, mtaani wananiita Bi Pasi. Mume wangu anashona viatu, kila mtu anamwita Fundi, hata mimi mkewe. Hoteli hii iliyopo kando ya ziwa, mnayoiona kwenye kalenda, zamani ilikuwa gofu. Wenyewe waliikimbia, mvua ikaingia, na sisi tusio na pa kulala tukaingia pamoja na mvua. Kila chumba na familia yake. Sisi tulikaa chumba cha kona, ghorofa ya juu. Humo ndimo nilimomzaa mwanangu wa kwanza na wa mwisho, binti, tukamwita Tone kwa udogo wake.

Tone hakufikisha hata mwaka. Homa iliingia jengoni, ikanibeba mimi kwanza, nikalazwa hospitali sijitambui. Niliporudi, majirani walishahama kwa woga. Fundi alikuwa amekaa peke yake bustanini, mbele yake sinki limelazwa kifudifudi. Alikuwa amelibandua ukutani chumbani kwetu akaliweka liwe alama ya kaburi. Kwenye tumbo la lile sinki, upande ule usiong'aa, alikuwa amechora kwa msumari unyayo wa mtoto.

Baadaye wakaja watu wenye karatasi na magreda. Wakatutoa, wakajenga ukuta. Kaburi la mwanangu likabaki ndani, mimi nje. Nimeomba kuingia mpaka walinzi wakanizoea, na bado nimefukuzwa.

Halafu mwezi huu nikasikia kwamba Jumatatu wanachimba bwawa la kuogelea palepale bustanini.

Mungu ana njia zake. Wiki hiyohiyo binti wa dada yangu, yule ambaye dada alihamia naye huku kwetu akiwa wa kuanza shule, akaja kunikumbatia. Anaolewa Jumamosi, siku hizi tunamwita Bibi Harusi. Ana kazi nzuri, hana mkono wa birika. Akaniambia, "Mama mdogo, umenipigia pasi sare za shule mpaka nikawa mtu. Kabla sijaolewa, chagua hoteli yoyote, ukalale na baba mdogo kama wakubwa."

Nikachagua hii. Hakujua kwa nini. Nilitaka nimpate mwanangu nimtoe pale kabla mashine hazijamfikia. Basi, hilo tu. Mengine yote mtakayosoma sikuyataka.

"Fundi, unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Chumba kimelipiwa."

"Kalale wewe."

"Nilale peke yangu kwenye kitanda cha ukubwa ule? Nitapotea humo. Geuka, baba."

Hakugeuka. Nikamshika ukosi wa shati, hapo hapo mbele za watu, nikamgeuza mwenyewe.

Mlinzi akaniuliza, "Mama, leo tena?"

"Leo mimi ni mgeni. Uliza huko ndani."

Akauliza kwa redio yake. Akasikiliza. Uso ukambadilika, akafungua geti lote, lile la magari.

"Karibu sana, mheshimiwa. Nikusaidie mkoba?"

Miaka yote ile nililia pale getini wala hakuna aliyenipa hata kiti. Nikampa mkoba. Nilicheka, halafu nikaona machozi yananitoka, nikajifanya ni jua.

Ndani kunang'aa. Sakafu ya mbao inakuonyesha mpaka nyuzi za sketi yako. Taa za vioo zinaning'inia pale ambapo wenzetu walikuwa wanaanika nepi. Dada wa mapokezi akatupa vinywaji, akaanza kutusimulia historia ya jengo kwa sauti ya kukariri.

"Jengo hili lilikaa tupu kwa miaka mingi kabla ya kukarabatiwa," akasema.

"Tupu?" nikamuuliza. "Sisi tulikuwa nini, popo?"

Akatabasamu. Alidhani ni mzaha. Fundi akanivuta mkono.

Bibi Harusi alikuwa ametuombea chumba cha kona kinachotazama ziwa. Nilimtajia hicho mimi mwenyewe. Mlango ulipofunguliwa, nikasimama kizingitini. Dirisha lilelile. Mwanga uleule unaoingia kwa ubavu. Pale tulipotandika mkeka sasa kuna kitanda ambacho ukikikalia unazama. Lile hodhi la kuogea, tulilokuwa tunawekea mkaa, limejaa petali za waridi.

Nikakagua shuka, ugonjwa wa kazi. Limepigwa pasi vizuri. Sikupata la kusema, nikaudhika.

Fundi alikaa ukingoni mwa kiti, kofia magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Nikaenda dirishani.

Nyasi. Nyasi tupu, zimekatwa sawasawa mpaka ufukweni. Vigingi vya bwawa vimeshachomekwa, vimezungushiwa utepe. Sinki hakuna.

"Fundi, limeondolewa."

"Nini?"

"Unajua ni nini. Twende chini, unionyeshe ulipomlaza."

"Pamebadilika."

"Pamebadilika, lakini dirisha ni hili hili na ziwa halijahama. Njoo usimame hapa, unyooshe kidole tu."

"Nimekwambia pamebadilika!"

Fundi si mtu wa kupaza sauti. Nikamtazama. Jasho linamtoka, na chumba kina baridi ya mashine.

Niwaambie kitu kuhusu Fundi. Ni mpole, wateja wake wote wanampenda, lakini ana tabia moja iliyonikera miaka. Hampendi binti wa dada yangu. Binti akija kwetu, yeye anakumbuka kazi ya nje. Binti akimwamkia, anaitikia huku anatazama ukuta. Wiki mbili nyuma binti alimwomba amshonee viatu vya harusi, akamjibu, "Nenda dukani." Mtoto wa watu alilia. Mimi nilinuna, nikampikia Fundi chakula bila chumvi. Yaani mtoto anayenipenda vile, ambaye watu wakituona pamoja husema kamfuata mama yake mdogo kuliko mama yake, wewe unamnyima hata viatu?

Basi nikashuka peke yangu. Nikavua viatu, nikatembea kwenye zile nyasi toka ukutani mpaka majini, nikipapasa kwa nyayo. Wageni kwenye viti vyao vya uvivu wakanitazama. Mhudumu akaniuliza kama nimepoteza hereni.

"Ndiyo," nikamwambia. "Nimepoteza."

Alinisaidia kutafuta, maskini. Aliinama kweli kweli. Ningemwambia ninachotafuta angekimbia.

Nilirudi juu mikono mitupu. Fundi bado yuko kwenye kile kiti. Nikapita moja kwa moja bafuni kunawa uso, maana nilikuwa nimelia mpaka kope zimevimba, na Bibi Harusi alisema jioni atakuja kula na sisi.

Nikanawa. Nikasukutua. Nikatema. Sabuni ikaniponyoka, ikateleza mpaka nyuma ukutani. Nikainama kuiokota, mkono mmoja nimeushikiza chini ya sinki nisianguke.

Vidole vyangu vikagusa mchoro.

Kwanza kisigino. Halafu upinde wa ndani. Halafu vidole, vidogo, kimoja kimoja. Na kidole gumba kimechorwa mara mbili.

Ule mchoro niliukalia miezi kabla hawajatutoa. Kila asubuhi niliupapasa kabla sijaenda kazini. Ningeutambua hata nikiwa kipofu. Na kile kidole gumba cha mistari miwili kilikuwa kinaniumiza kuliko vyote, kwa sababu Fundi, mjue, ni mchoraji wa nyayo. Ndiyo kazi yake. Mteja anakanyaga kadibodi, yeye anapitisha penseli kuzunguka mguu, mstari mmoja safi. Mkono wake hautetemeki. Ukiona kalamu imerudia mstari, ujue mteja ametikisika. Hapo anasema, "Tulia, bwana, mguu ukicheza mstari unakuwa mara mbili," anatupa kadibodi, anaanza upya. Kwa hiyo niliona kile kidole nikasema, masikini mume wangu, siku ile tu mkono ulimtetemeka. Majonzi yalimshinda.

Nilikaa sakafuni nikakumbatia bomba la sinki. Nilikuwa nimetemea mate kwenye kaburi la mwanangu. Wageni wangapi wametema humo kabla yangu? Wangapi wamenyoa ndevu?

Sikumwita Fundi. Nikapiga simu mapokezi.

"Sinki linavuja," nikasema.

Haikuchukua muda akaja jamaa wa mabomba, mnene, mcheshi, mkoba wa vyuma mkononi. Akaingia bafuni, mimi nyuma yake. Fundi akabaki chumbani, ila mlango ulikuwa wazi na alisikia kila neno.

"Mbona kukavu, mama?"

"Nisamehe, baba. Nilitaka kukuuliza tu. Hili sinki mmelitoa wapi?"

Uso wake ukachangamka. Kumbe hajawahi kuulizwa.

"Hili la zamani hili! Ni la humu humu chumbani. Bosi alitaka kila kitu kirudi kilipokuwa, basi tukawa tunafuatisha matundu ya ukutani, sinki kwa sinki. Mengine yalikuwa yamevunjika. Hili tulilikuta bustanini limepinduliwa. Tukadhani wamefunikia kisima."

"Bustanini wapi?"

Akanisogeza dirishani. Akanyoosha kidole bila kufikiri. "Pale. Unaona ule mfuniko wa chuma kwenye nyasi? Palepale. Bomba kubwa la maji machafu ya jengo zima linapita pale."

Nilishika pazia. Maji machafu. Juu ya Tone wangu.

"Nani alichimba?" Sauti haikuwa yangu.

"Mimi mwenyewe! Mashine haikuweza kuingia, palikuwa na mti. Nilichimba kwa sururu, nikazama mpaka kifuani. Mgongo huu unakumbuka mpaka leo."

"Sasa... mlivikuta wapi... mliviweka wapi?"

"Vitu gani, mama?"

"Chini ya sinki. Mlichokikuta."

Akanitazama, ucheshi ukampungua.

"Hapakuwa na kitu."

"Labda palikuwa na kitu kidogo. Kidogo sana. Labda hukuona."

"Mama yangu, ule ulikuwa mwamba mtupu. Udongo uliowahi kuchimbwa unaujua, unalegea, jembe linaingia lenyewe. Ule haujawahi kuguswa tangu dunia iumbwe. Ningekuta hata mfupa wa kuku ningefurahi, nipate kisingizio cha kupumzika."

Alisubiri nicheke. Sikucheka. Akaokota mkoba wake, akaniaga kwa adabu, akatoka.

Nje watu wanacheka ufukweni. Nikamgeukia mume wangu. Kofia ilikuwa imemwanguka na hakuiokota.

"Fundi. Mtoto yuko wapi?"

Akatazama ukuta.

"Ulimzika kwingine? Niambie ulimzika kwingine. Sitakulaumu. Ulikuwa peke yako, mimi nimelazwa. Sema tu ni wapi, nikampe pole."

"Mke wangu, kaa chini."

"Sikai."

"Nakuomba ukae."

Hapo ndipo nilipokielewa kile kidole. Sijui kilitoka wapi kichwani. Nilikuwa natazama mikono yake, ile mikono isiyotetemeka, imelala magotini imetulia tuli hata katika saa kama ile. Mkono wa Fundi haukutetemeka siku ile. Haujawahi kutetemeka.

Mteja ndiye aliyetikisika.

"Alicheza mguu," nikasema. "Ulipokuwa unamchora. Alicheza mguu."

Fundi akafumba macho.

"Tone alikuwa hai!"

"Nilitaka nibaki na kitu chake," akasema, taratibu, kana kwamba anamwambia mtu mwingine. "Nilimkalisha pale juu ya tumbo la lile sinki, nikamshika mguu, nikawa nauzungusha msumari. Akahisi mtekenyo. Akacheka, akauvuta. Unajua alivyokuwa anacheka."

Najua? Mimi najua alivyokuwa anacheka? Nimezika kicheko hicho zaidi ya miaka ishirini.

Nilimpiga. Nawaambia ukweli, sitawaficha, nilimpiga kofi, halafu jingine, wala hakujikinga. Halafu nikamshika mashavu yale yale niliyoyapiga.

"Ulimpeleka wapi?"

"Daktari aliniita nje. Akaniambia nijiandae, wewe hutavuka wiki. Mtoto ananyonya, maziwa sina, homa iko kila chumba. Nikampa mtu aliyeweza kumlea. Nikaona heri apone mmoja."

"Na nilipopona?"

"Siku uliyorudi, nilikuacha pale bustanini nikaenda kumchukua mtoto. Yule niliyempa akanipigia magoti. Akaniambia hana mwingine na hatapata mwingine, nikimchukua atajitupa ziwani. Nikarudi. Nikakukuta umekaa kwenye lile sinki, unalipapasa. Umeshalia, umeshaamini. Niliweka lile sinki nipate pa kukaa nikimkumbuka, wewe ukadhani ni kaburi, na mimi..."

"Na wewe ukaniacha nidhani."

"Nikakuacha."

Nilitamani kumchukia. Nilijitahidi. Lakini kifua kilikuwa kimejaa kitu kingine kabisa, na kitu hicho kilikuwa furaha, nisameheni, furaha chafu iliyochanganyika na damu. Mwanangu hayupo chini ya bomba la maji machafu. Mwanangu alicheka.

"Ni nani huyo aliyekupigia magoti? Fundi! Ni nani?"

Akafungua mdomo.

Mlango ukagongwa. Haukusubiri kuitikiwa, ukafunguka, na Bibi Harusi akaingia na marashi yake na kelele zake, kadibodi kwapani.

"Hodi wakubwa! Jamani chumba! Mama mdogo, mbona umenikodolea macho hivyo? Nimewahi, najua. Nina shida." Akavua kiatu akakitupa. "Vile vya dukani vinanibana, siwezi kusimama navyo hata dakika. Baba mdogo, leo hukwepi. Nimekuja na kadibodi na penseli. Najua hunipendi, lakini nipime mguu, niolewe, nikuondokee."

Akaketi kitandani. Akaweka kadibodi sakafuni. Akakanyaga.

Fundi akanitazama. Sijawahi kuona mtu akiomba vile kwa macho. Miaka yote ile ya kukumbuka kazi ya nje, ya kuamkiwa akatazama ukuta, ya nenda dukani. Miaka yote hakuwahi kukubali kuushika ule mguu.

Nikamwambia, "Mpime."

Akapiga magoti. Akashika kisigino. Akaanza, mstari mmoja safi, kisigino, upinde wa ndani.

"Tulia," akasema.

"Najitahidi," akacheka yule mtoto, "ila mimi nina mtekenyo mbaya, mama ananijua, tangu utoto wan..."

Akauvuta mguu.

Nikainama. Penseli ilikuwa imepita kidole gumba mara mbili.

Fundi akaweka penseli chini, akalaza paji la uso juu ya kadibodi, mabega yakaanza kumcheza. Kicheko cha Bibi Harusi kikakatika. Mguu wake ulikuwa bado uko hewani, hajui aushushe wapi. Nikaupokea kwa mikono yangu miwili.

"Mama mdogo," akasema, na sasa alikuwa anaogopa, "mbona mnalia wote wawili? Nimefanya nini?"